Sheria za kimataifa za uvuvi wa kupindukia: nani amewahi kuziona zikifanya kazi?

Mwana wa Umoja
Hamjambo wanajukwaa.

Nina dai, na mwenye kulipinga alete ushahidi: sheria za kimataifa za kuzuia uvuvi wa kupindukia zinatungwa ili zisainiwe, basi. Kutekelezwa ni hadithi.

Hesabuni wenyewe. 1982 tulipata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. 1995 ukaja wa samaki wanaohamahama. 2009 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaleta wa bandari, wa kuzuia meli za wizi zisishushe mzigo, ukaanza kutumika 2016. 2022 Shirika la Biashara Duniani likapitisha wa ruzuku za uvuvi, ukaanza Septemba 2025. Januari 2026 mkataba wa bahari kuu, yaani ile iliyo nje ya maji ya nchi yoyote, nao ukaanza kazi, huu ndio utaamua nani avue nini huko nje.

Na samaki je? FAO hao hao wanasema mwaka 1974 akiba za samaki zilizovuliwa kupita kiasi zilikuwa asilimia 10 hivi. Kufikia 2021 zilikuwa asilimia 37.7.

Sisi wa Nairobi tulishuhudia Novemba 2018 pale KICC, kongamano la uchumi wa buluu. Barabara zilifungwa, ahadi zikamwagwa jukwaani kwa siku tatu. Nani alizifuatilia?

Kona ya Kariokor
Naketi mstari wa mbele. Endeleeni.

Wakili wa Ngara
Mwana wa Umoja, dai lako lina uzito ila kuna mahali umechanganya. Mkataba wa bahari kuu ulioanza tarehe 17 Januari 2026 haugawi samaki. Unahusu maeneo ya hifadhi, tathmini za mazingira na rasilimali za kijenetiki. Nani avue nini na kiasi gani bado ni kazi ya tume za kikanda. Kwa upande wetu ni Tume ya Jodari wa Bahari ya Hindi, IOTC, makao yake Victoria kule Ushelisheli. Ukitaka kulaumu, anzia hapo.

Tatizo la msingi ni bendera. Katika bahari kuu meli hujibu kwa nchi iliyoisajili. Mwenye meli yuko nchi moja, usajili nchi nyingine isiyo hata na boti ya doria, nahodha wa tatu, mabaharia wa nne. Anayetakiwa kuiadhibu ni yule aliyeisajili, naye anaishi kwa ada za usajili. Umoja wa Ulaya uliipa Komoro kadi nyekundu, yaani kuzuia samaki wake kuingia Ulaya, mwaka 2017 kwa mambo ya namna hiyo.

Hata ndani ya maili 200 za bahari zilizo chini ya nchi ya pwani mikono imefungwa kiasi. Someni kifungu cha 73 cha mkataba wa 1982. Nchi ya pwani inaweza kupanda meli, kuikagua, kuikamata na kuishtaki. Lakini meli na mabaharia lazima waachiliwe haraka dhamana ya kuridhisha ikiwekwa, na adhabu ya kosa la uvuvi haiwezi kuwa kifungo kama nchi husika hazijakubaliana hivyo. Inabaki faini. Kampuni yenye meli nyingi huiandika faini kwenye vitabu vyake pamoja na dizeli na chumvi.

Bint Vanga
Shukran wakili. Mimi naishi South B lakini kwetu ni Vanga, baba na ami zangu wote wavuvi. Niwaambie jinsi sheria inavyoonekana ukiwa ufuoni.

Afisa anakuja na rula. Anapima jicho la wavu. Likiwa dogo, wavu unachukuliwa na unachomwa papo hapo. Ami yangu alichomewa juya alilolinunua kwa mkopo wa chama. Nilikuwa nyumbani likizo. Nailoni haishiki moto kama makuti. Inajikunja kwanza, kisha inayeyuka na kudondosha matone meusi mchangani, na moshi wake unakaba koo. Ami alisimama mikono nyuma akatazama mpaka chelezo la mwisho likaisha. Sikatai kwamba juya linaharibu, linakokota hata vitoto vya tafi ambavyo havijafika kidole. Lakini usiku uo huo tulikaa barazani tukiziona taa za meli kubwa kule nje ya miamba. Huko hakuna aliyekwenda na rula.

Kwa hiyo sheria inafanya kazi, ndugu zangu. Inafanya kazi kwa anayefikika kwa miguu.

Mgongo Wazi
Pole sana dada. Lakini mimi nauza samaki Gikomba na nitasema lile watu hawataki kusikia. Tunamaliza samaki sisi wenyewe.

Ziwani kuna sheria ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na shirika lao liko Jinja. Mbuta asiwe chini ya sentimita 50 wala kupita 85. Njooni Gikomba alfajiri lori zikishusha. Wakubwa wamepangwa juu ya boksi wapendeze. Ingiza mkono chini, utatoa mbuta ambaye hajafika kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Wale wa kipimo wamekwisha chukuliwa na viwanda vya minofu, wanapanda ndege. Sisi tunaachiwa mgongo wazi, mifupa iliyobaki baada ya minofu, na hao wachanga. Mama wa Kibera mwenye watoto wanne ananunua kinachotosha sufuria yake, na mimi simlaumu, mteja wangu huyo.

Sasa mkishindwa na ziwa ambalo mnaliona kwa macho, bahari mtaiweza? Na hao Wachina wanamaliza bahari yetu kisha wanatuletea samaki wale wale kwa boksi.

Takwimu Kwanza
Mgongo Wazi, hapo mwisho tenganisha mambo mawili. Tilapia wa boksi kutoka Uchina ni wa kufugwa, wanatoka mabwawani. Vuta nikuvute ya 2018 kuhusu kuwazuia ilikuwa ya biashara, bahari haikuguswa. Meli za Uchina za masafa marefu ni habari nyingine, na kweli ndilo kundi kubwa kuliko yote duniani.

Kwangu mimi jibu liko kwenye pesa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria kuwa mwaka 2018 serikali za dunia zilitoa ruzuku za uvuvi za dola bilioni 35.4. Kati ya hizo, bilioni 22.2 zilikuwa za kuongeza uwezo wa kuvua: mafuta ya bei nafuu, kujenga meli, kuzifanya za kisasa. Bila fedha hizo meli nyingi zisingekuwa na sababu ya kufika bahari kuu, mafuta peke yake yangewala.

Sasa angalieni mkataba wa 2022. Umekataza ruzuku kwa anayevua kinyume cha sheria, kwa anayevua akiba iliyokwisha kuzidiwa, na kwa bahari kuu isiyo na msimamizi. Sehemu nono, ile ya ruzuku zinazozalisha meli nyingi kupita samaki, iliachwa kwa awamu ya pili. Abu Dhabi 2024 walikaa wakaachana bila makubaliano. Serikali inayosaini kulinda samaki ndiyo hiyo hiyo inajaza tangi la meli.

Msomaji wa Lang'ata
Kwa hiyo raia wa Ulaya au Asia analipa kodi ili mvuvi wa Vanga akose samaki. Haya.

Jirani wa Dar
Salaam wakuu wa Nairobi. Mnataka mfano wa kukamata? Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilinaswa kwenye maji yetu ya Tanzania ikiwa na jodari wapata tani 300. Doria ilikuwa ya pamoja, hata Wakenya mlikuwemo, na Afrika Kusini na Msumbiji. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa Magufuli, ndiyo maana mpaka leo watu wanawaita "samaki wa Magufuli". Mahakama ikawatia hatiani 2012. Sheria ilifanya kazi.

Wakili wa Ngara
Jirani, malizia hadithi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha hukumu ile kwa kasoro za mwenendo wa kesi, na upande wa mashtaka ukaiondoa baadaye. Samaki walikwishagawiwa, meli ilikuwa imeshaharibika, na serikali ikabaki na mzigo wa kudaiwa. Mimi huitumia kesi hiyo kueleza vijana ofisini: kukamata meli ni siku moja, ushahidi ni miaka. Nani alipima samaki, nani alithibitisha meli ilikuwa longitudo gani, nani aliidhinisha mashtaka. Ukiteleza kwenye lolote kati ya hayo, mwenye meli anakugeukia.

Kona ya Kariokor
Jirani, hao samaki walipogawiwa wewe ulipata kipande?

Jirani wa Dar
Mkuu, kwetu Mbagala hawakufika. Tuliwaona kwenye televisheni tu.

Baharia Mstaafu
Vijana, mnaongea vizuri. Mimi siku hizi niko Kayole lakini nimefanya kazi kwenye meli ya kigeni ya mishipi mirefu, jina nitaliacha. Nyote mnazungumza kana kwamba meli lazima ifike bandarini. Haifiki.

Inakuja meli ya friji. Mnaiona kwanza kama taa moja, halafu inasogea mpaka mnafungana ubavu kwa ubavu, mipira mikubwa ya kuzuia kugongana imeninginizwa katikati. Jodari wamegandishwa wagumu kama magogo, wanafungwa kamba kwenye mkia, kumi kumi, winchi inawavusha. Kazi inaanza jioni na mapambazuko inawakuta bado. Samaki wetu wakichanganywa na wa meli nyingine tatu nne ndani ya shehena moja, nani atajua yupi alivuliwa wapi? Daftari la nahodha linajazwa baadaye, kwa utulivu, kahawa mkononi.

Na chombo cha kutoa ishara ya mahali meli ilipo kina swichi. Mwenye meli anajua siku ya kukizima.

Mnasema wawekwe waangalizi melini. Ni sawa. Lakini mwangalizi analala chumba kimoja na hao anaowaandika, miezi, bila mtandao. Mwaka 2019 mwangalizi wa Ghana alitoweka kwenye meli ya uvuvi na hakuonekana tena. Kijana mwenye familia atakayeandika ukweli wote katika hali hiyo namheshimu, ila simlazimishi.

Mpenda Mawimbi
Asante mzee, hiyo nimeihifadhi. Lakini nawapinga nyote kidogo, mmekuwa na giza mno.

Mwana wa Umoja uliomba mfano mmoja, chukua mitatu. Meli ya Thunder ilikuwa inavua kiharamu samaki wa kusini kabisa karibu na Antaktika kwa miaka. Ilifukuzwa siku 110 mfululizo mpaka ikazama karibu na São Tomé, Aprili 2015. Nahodha na wakuu wawili wa mitambo walihukumiwa huko São Tomé na faini ya zaidi ya euro milioni 15. STS-50, meli nyingine ya wizi, ilitoroka kizuizini Maputo 2018, na mwezi uliofuata jeshi la maji la Indonesia likaikamata. Na jodari wakubwa wa Atlantiki, wale wanaouzwa Japani kwa bei ya gari: mgawo ulikatwa vikali kuanzia 2009 na 2010 na wamerudi, mpaka 2021 wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Tume ni ya aina ile ile, karatasi ni za aina ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii walilazimishwa.

Mwana wa Umoja
Mpenda Mawimbi, nashukuru, hii ndiyo mifano niliyotaka. Lakini Thunder ilifukuzwa na nani? Sea Shepherd, watu wa kujitolea, kwa meli za michango. Haikuwa serikali yoyote kati ya zote zilizosaini. Ukinionyesha kwamba mlango wa sheria unalindwa na wapita njia, umeniunga mkono.

Mpenda Mawimbi
Hukumu ilitolewa na mahakama ya São Tomé, nchi ndogo kuliko kaunti nyingi za kwetu. Na Indonesia si watu wa kujitolea. Susi Pudjiastuti alipokuwa waziri, kati ya 2014 na 2019, walizamisha zaidi ya meli 500. Kwa hiyo inawezekana kiongozi akitaka.

Takwimu Kwanza
Turudi kwa IOTC, maana nyumbani ni nyumbani. Mkutano ulifanyika Mombasa Februari 2023. Ajenda kubwa ilikuwa yale maboya yanayoachwa yaelee ili samaki wajikusanye chini yake, meli za Uhispania na Ufaransa zije kuwazungushia wavu. Yananasa jodari wachanga kwa wingi. Kenya ilikuwa na pendekezo lake, ikaliondoa kabla ya mkutano. Indonesia na wenzake wakashikilia lao, likapigiwa kura likapita: maboya yafungiwe siku 72 kila mwaka. Watu walishangilia.

Halafu? Kanuni za tume zinampa mwanachama siku 120 kupinga. Akipinga, uamuzi haumhusu. Wakipinga zaidi ya theluthi moja, haumfungi yeyote. Umoja wa Ulaya ulipinga, wengine wakafuata, na uamuzi wa Mombasa ukafa hivyo.

Kabla ya hapo tume iliweka kikomo cha sehewa, jodari wale wadogo, tani 470,029 kwa mwaka kuanzia 2018. Mwaka huo huo wa kwanza walivua zaidi ya tani 600,000. Hakuna meli iliyolipa hata senti kwa kupita kikomo.

Bint Vanga
Naomba nisome tena. Aliyepita kikomo kwa tani laki moja na zaidi hakulipa kitu. Ami yangu kwa jicho la wavu la nusu inchi alichomewa mali.

Mpenda Mawimbi
Dada, hilo linauma na sina la kulitetea. Niongeze tu kwamba 2024 kule Bangkok tume ilikubaliana kupunguza maboya kwa kila meli kutoka 300 hadi 250, kisha 225 ifikapo 2028. Ni mwendo wa kinyonga, lakini ni mwendo.

Kijana wa Pipeline
Samahani kutoka nje ya mada. Nguru mbichi Nairobi anapatikana wapi? Wa City Market wananitoza kama nanunua mashua.

Mgongo Wazi
Kijana, njoo Gikomba mapema uulize kina mama wa upande wa samaki wa chumvi. Tazama mashavu yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Na usije saa tano ukadai mbichi.

Jirani wa Dar
Na akiona mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara (mbuta wenu), anitafute. Siku hizi kule Mwanza bondo linathaminiwa kuliko minofu, linakwenda Asia kavu. Ndiyo sababu watu wanahangaika na wale wakubwa kabisa waliopaswa kuachwa wazae. Mgongo Wazi, hilo la sentimita 85 huku nalo halishiki.

Dada wa Parklands
Nimesoma yote. Kuna maelezo ambayo hayajatajwa: nani ana mali. Nchi nane za Pasifiki, visiwa vidogo tu, ziliungana zikaacha kuuza leseni moja moja. Zinauza siku za kuvua, kwa bei ya chini waliyokubaliana, dola 8,000 kwa siku. Mapato yao yalitoka dola milioni 60 hivi mwaka 2010 yakafika karibu milioni 500. Huko sheria inashikwa kwa sababu anayeivunja anawaibia pesa wanayoihesabu kila mwezi. Sisi huku kila nchi inajadiliana peke yake chumbani na mkataba hausomwi na wavuvi. Tukijua jodari wetu wana thamani gani, doria itapata mafuta.

Wakili wa Ngara
Hoja nzuri, lakini kule jodari wengi wanavuliwa ndani ya maji ya nchi hizo, kwa hiyo wanaweza kufunga mlango. Katika Bahari ya Hindi sehemu kubwa ya uvuvi wa nje iko bahari kuu. Ukipandisha bei, meli inasogea nje ya mstari.

Na huo mstari wenyewe! Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati yetu na Somalia. Kenya ikatangaza kuikataa. Sasa sisi tuliokataa hukumu ya kimataifa ya bahari tutamwambia Mhispania atii azimio la Mombasa kwa mdomo gani?

Msomaji wa Lang'ata
Wakili, hapo tofauti. Kukataa mpaka uliochorwa na wengine si sawa na kuvua mpaka samaki waishe.

Wakili wa Ngara
Kwa meli ya uvuvi iliyo kwenye maji yanayogombaniwa ni sawa kabisa. Boti ya doria ya Kenya itaogopa kuikamata, ya Somalia haiwezi kufika. Huko ndiko ingependa kuvua.

Baharia Mstaafu
Wakili amesema kweli. Manahodha wanazijua hizo sehemu kuliko mawaziri.

Bint Vanga
Mimi nilichoona kikishika ni kile kilichowekwa na watu wenyewe. Kuruwitu kule Kilifi, 2005, wavuvi walifunga kipande chao cha bahari, wakakiita tengefu. Wanakilinda wenyewe na samaki wamerudi. Lakini tazameni Ghuba ya Ungwana. Meli za kukokota nyavu za kuvua kambamiti zilisimamishwa 2006 baada ya wavuvi kulia miaka mingi kuwa zinakata nyavu zao. 2011 zikarudi, safari hii na mpango wa usimamizi na masharti ya umbali kutoka ufuoni. Tengefu halina meno mbele ya chombo kama hicho. Ndipo tunapohitaji serikali, na ndipo haionekani.

Mgongo Wazi
Serikali ilizindua walinzi wa pwani Novemba 2018 na ile meli ya Doria. Meli moja, na maji yetu yanapita kilomita za mraba laki moja na arobaini elfu.

Mwana wa Umoja
Mpaka sasa nina bendera, ruzuku, ushahidi wa mahakamani, kupinga maazimio, uchoyo wetu wenyewe na umiliki. Kila mmoja amenishawishi mahali fulani na bado nashikilia dai langu. Swali kwa Takwimu Kwanza: raia wa kawaida anaweza kujua ni meli zipi zimeruhusiwa kuvua huku kwetu?

Takwimu Kwanza
Anaweza. IOTC ina orodha ya wazi mtandaoni ya meli zilizoidhinishwa, kwa jina na bendera, na nyingine ya meli zilizopatikana zikivua kiharamu. Haihitaji akaunti.

Bint Vanga
Basi leo nampigia ami. Mwezi ukiwa mkubwa meli nyingine husogea karibu mpaka maandishi ya ubavuni yanasomeka. Aniandikie majina, nilinganishe.

Baharia Mstaafu
Mwambie asihangaike na jina pekee, jina hupakwa rangi upya kwa asubuhi moja. Atafute namba ya IMO, ile ya utambulisho wa meli, tarakimu saba, kwa kawaida iko nyuma ya meli au ubavuni. Hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa na kubadilishiwa bendera. Na kama pale ilipopaswa kuwa pamefunikwa turubai, aandike hivyo pia.